Uganda: Omukama Kabalega na jeshi la bunduki zilizotoka mbali

Tarehe 9 Aprili 1899, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda ya leo, vikosi vya Waingereza vilimkamata Kabalega, Omukama wa Bunyoro-Kitara. Alikuwa amejeruhiwa kwa risasi, na baadaye mkono wake mmoja ulikatwa. Pamoja naye alikamatwa Mwanga, Kabaka wa Buganda, aliyekuwa hasimu wake kwa miaka mingi kabla ya wote wawili kujikuta wakipigana na adui mmoja. Hivyo ndivyo ilivyokoma vita iliyodumu zaidi ya miaka mitano, na ndivyo lilivyovunjika mojawapo ya majeshi yaliyopangwa vizuri zaidi katika eneo la Maziwa Makuu.

Kabalega hukumbukwa zaidi kwa ushujaa wake. Lakini maisha yake yanabeba pia swali linaloyakabili majeshi hadi hivi leo: jeshi linalotegemea silaha ambazo haliwezi kuziunda lenyewe, linaweza kusimama kwa muda gani?

Somo la Masindi

Kabalega alizaliwa yapata mwaka 1853, akiwa mwana wa Omukama Kamurasi. Baba yake alipofariki mwaka 1869, alilazimika kupigana na nduguye Kabigumire ili kukipata kiti cha enzi. Alikuwa bado kijana alipotawazwa, na utawala wake haukuwa umekomaa alipowasili Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na mtawala wa Misri.

Mwezi Mei 1872, Baker alipandisha bendera mjini Masindi na kuitangaza Bunyoro kuwa sehemu ya himaya ya Misri. Mwezi uliofuata mapigano yalizuka. Askari wa Baker walikuwa wachache, lakini walikuwa na bunduki zinazotiwa risasi kwa nyuma, na wapiganaji wa Bunyoro waliowashambulia waziwazi waliuawa kwa wingi. Mji ukateketezwa kwa moto. Hata hivyo, Baker hakuweza kukaa. Alipoanza kurudi kaskazini, msafara wake ulishambuliwa njia nzima na watu wenye mikuki waliojificha katika majani marefu.

Kwa mfalme kijana, mafunzo yalikuwa mawili. La kwanza, mkuki hauwezi kuikabili bunduki mpya uwanjani. La pili, mgeni mwenye bunduki hiyo hawezi kuishi mahali asipopata chakula, wapagazi wala njia salama.

Kuzaliwa kwa Abarusura

Zamani, vita vya Bunyoro vilipiganwa na watu waliokusanywa na machifu wa majimbo, kisha wakarejea mashambani. Kabalega aliubadili utaratibu huo kwa kuunda Abarusura, jeshi la kudumu lililogawanywa katika vikosi na kuwekwa kambini katika sehemu mbalimbali za nchi. Makamanda kama Ireeta na Rwabudongo walipata vyeo kwa uhodari wao vitani na kwa utiifu kwa mfalme. Waliosajiliwa hawakuwa Wanyoro pekee; walikuwamo pia watu kutoka kwa majirani wa kaskazini.

Jeshi hilo lilimwezesha kurejesha maeneo yaliyokuwa yamejitenga, ikiwemo Toro, na mwaka 1886 liliwashinda Waganda katika mapigano ya Rwengabi. Lakini lilikuwa na kasoro yake. Askari wengi waliishi kwa nyara na kwa kile walichowanyang'anya raia, hivyo katika baadhi ya maeneo mwananchi aliwaogopa Abarusura kama alivyomwogopa adui.

Njia za baruti

Silaha zilinunuliwa kwa pembe za ndovu. Kutoka kaskazini zililetwa na wafanyabiashara wa Khartoum; kutoka kusini zilifika kwa misafara ya Waswahili na Waarabu wa pwani. Nyingi zilikuwa magobori, ingawa bunduki za kisasa nazo zilipatikana kidogo kidogo. Wahunzi wa Bunyoro walisifika kwa majembe na mikuki, na chumvi ya Kibiro iliuzwa mbali, lakini bunduki mpya na risasi zake zilitoka nje.

Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu mkubwa. Vita vya Mahdi nchini Sudan viliifunga njia ya kaskazini katika miaka ya 1880. Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana mjini Brussels yalikubaliana kuzuia uuzaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka uliofuata, Frederick Lugard, akiitumikia kampuni ya Waingereza, alimrejesha Kasagama katika kiti cha Toro, akajenga ngome kusini mwa Bunyoro na kulitwaa eneo la chumvi la Katwe. Kabla vita kuu haijaanza, njia za baruti na za mapato zilikuwa zimeanza kuzibwa.

Vita vya kuvizia

Mwishoni mwa mwaka 1893, Kanali Henry Colvile aliivamia Bunyoro akiwa na maelfu ya wapiganaji wa Buganda, askari wa Kisudani na bunduki za rashasha aina ya Maxim. Kabalega hakuyasahau ya Masindi. Aliuchoma mji wake mkuu, akarudi nyuma na kuanza vita vya kuvizia. Mwaka 1895, maafisa wa Kiingereza waliojaribu kumfuata ng'ambo ya Mto Nile walirudishwa nyuma kwa hasara.

Adui naye alijifunza. Badala ya kumkimbiza, alijenga mfululizo wa ngome, akateketeza chakula na kuteka ng'ombe. Njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko risasi. Baadhi ya makamanda walijisalimisha, na mwaka 1898 Waingereza wakamtawaza Kitahimbwa, mwana wa Kabalega aliyekuwa bado mtoto.

Hata upande wa pili haukukosa somo. Mwaka 1897, askari wa Kisudani waliopigania bendera ya Uingereza waliasi kwa sababu ya ujira mdogo na safari zisizokwisha. Silaha za kisasa hazikuweza kuziba pengo lililoachwa na askari asiyetendewa haki.

Swali lisilozeeka

Leo, mahali pa gobori pamechukuliwa na ndege zisizo na rubani, mawasiliano ya setilaiti na programu za kompyuta. Nchi nyingi huvinunua vifaa hivyo nje, pamoja na vipuri, mafundi na ruhusa ya kuvitumia. Muuzaji akibadili nia, au mataifa makubwa yakikubaliana kufunga njia, jeshi hubaki na chombo kisichoruka. Na kama Bunyoro ilivyoonyesha, hakuna kifaa kinacholipa jeshi kile linachokipoteza linapowanyang'anya wananchi wake.

Kabalega alipelekwa uhamishoni katika visiwa vya Ushelisheli, ambako Mwanga alifariki mwaka 1903. Sehemu ya ardhi ya Bunyoro ilikuwa tayari imekabidhiwa Buganda. Kaunti za Buyaga na Bugangaizi zilirudi tu baada ya kura ya maoni ya mwaka 1964.

Mwaka 1923 mzee huyo aliruhusiwa kurejea nyumbani, lakini hakufika. Alifariki mjini Jinja tarehe 6 Aprili, siku tatu kabla ya kutimia miaka 24 tangu akamatwe. Mwili wake ulipelekwa Bunyoro na kuzikwa Mparo, karibu na Hoima, katika nchi aliyoipigania.