Mfalme na Picha ya Bikira

Aingiapo mgeni katika nyumba nyingi za Rau, jambo la kwanza aonalo ni picha ya Bikira Maria ukutani, aghalabu juu ya kalenda ya mwaka uliokwisha kupita, ambayo mama wa nyumba amekataa kuitupa. Hakuna aliyemlazimisha kuitundika. Picha hizo ndizo zilizotukumbusha, ndugu wasomaji, habari za Zara Yakobo, Mfalme wa Uhabeshi tangu mwaka 1434 hata 1468.

Alizaliwa mwaka 1399, mwana wa Mfalme Dawiti. Zamani zile wana wa kifalme walifungiwa juu ya mlima wa Amba Gesheni, wasije wakagombea kiti. Naye alikaa huko mpaka alipoitwa kutawala. Mwaka 1436 alitiwa taji huko Aksumu, na mwaka 1445 alimshinda Sultani Badlai wa Adali. Lakini vita tuwaachie wengine.

Ibada ya Bikira Maria ilimshika moyo kuliko mambo yote. Aliagiza sikukuu zake thelathini na tatu ziadhimishwe kila mwaka, kitabu cha miujiza yake kisomwe kanisani, na picha yake iheshimiwe na watu wote. Ndipo wachoraji wakapata kazi. Mmoja wao alikuwa mtawa, jina lake Fere Seyoni. Alichora juu ya mbao zilizopakwa chokaa laini, na Bikira wake ana uso mpole, Mtoto mikononi, na malaika wakuu Mikaeli na Gabrieli ubavuni. Ubao wake mkubwa umehifadhiwa hata leo katika monasteri ya Daga Estifanosi, kisiwani ndani ya Ziwa Tana, nao una maandishi yanayolitaja jina lake. Wachoraji wengi wa nchi ile hawakuandika majina yao. Kwa hiyo maandishi hayo ni tunu.

Hapo twapenda kusimama kidogo, kwa maana upande wa pili wa habari hii ni mchungu. Walikuwako watawa, wafuasi wa Abba Estifanosi, waliokataa kumsujudia mfalme, wakisema kusujudu ni kwa Utatu Mtakatifu peke yake. Walishitakiwa kwamba wanamdharau Bikira na Msalaba. Mfalme akawapiga, akawakata viungo, wengine wakauawa kwa mawe. Aliamuru pia watu waandikwe kwenye vipaji vya nyuso jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Hata nyumba yake hakuihurumia. Wana wake, wa kiume na wa kike, walishitakiwa kuabudu sanamu, wakachapwa mijeledi, na baadhi yao wakafa. Mkewe Seyoni Mogesa alidhaniwa anataka kumtawaza mwanawe kabla ya wakati. Alipigwa hata akafa kwa mapigo hayo. Mwana yule, Baeda Mariamu, ndiye aliyerithi kiti mwaka 1468.

Wako wanaomsifu bila kipimo, kwa sababu mwaka 1450, katika mkutano wa Debre Mitmaki, alimaliza ugomvi wa muda mrefu juu ya Sabato, zikaheshimiwa siku zote mbili, Jumamosi na Dominika. Tena aliandika vitabu vya dini kwa mkono wa mtu mwenye elimu. Sifa hizo ni za haki. Lakini sisi hatuwezi kuutazama uso ule mpole wa Fere Seyoni bila kumfikiri Seyoni Mogesa, aliyekuwa mama naye.

Mwili wa mfalme hatimaye ulipelekwa Daga Estifanosi, ukawekwa kisiwa kile kile penye ubao ule. Na kwa desturi ya watawa wa huko, mwanamke hakanyagi kisiwa hicho. Mama zetu wa Rau, hata wangesafiri mpaka Ziwa Tana, wangeishia majini, na picha ya Mama wangesimuliwa tu na waume zao.