Askofu Edward Steere: mhubiri aliyeanza kwa kusikiliza

Makala ya leo tunayaanzia Bwejuu. Na tunaposema Bwejuu tunamaanisha kisiwa hiki cha Mafia, kinachotazamana na delta ya Rufiji, si ile Bwejuu ya pwani ya mashariki ya Unguja.

Tumeanzia hapa kwa sababu ya njia ya bahari. Katika karne ya 19, majahazi yaliyotoka Kilwa kwenda Unguja yalipita katika maji haya, kati ya Mafia na bara, yakisukumwa na upepo wa kusi. Yalibeba pembe za ndovu, nafaka na watu. Watu hao walikuwa wametekwa mbali, wengine karibu na Ziwa Nyasa, na walikuwa wanapelekwa kuuzwa sokoni Mkunazini, mjini Zanzibar. Mafia yenyewe ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, mpaka mwaka 1890 ilipoingia mikononi mwa Wajerumani.

Sasa fikiria mtu aliyepitishwa hapa akiwa amefungwa, akanunuliwa au akaokolewa, kisha siku moja akaketishwa asikilize mahubiri ya Kikristo. Ni maneno gani yangemwingia? Mtu aliyehangaika na swali hilo zaidi ya wengi wa wakati wake ni Askofu Edward Steere. Maisha yake yana funzo kwa kila anayesimama mbele ya watu akasema, awe padri, mchungaji, sheikh, mwalimu au sisi wa redioni.

Kutoka mahakamani hadi kijijini

Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Hakuanzia kanisani. Alisoma sheria katika chuo kikuu cha mji huo, akafikia shahada ya udaktari wa sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Lakini moyo wake haukutulia huko. Aliacha uwakili, na mwaka 1856 akawekwa shemasi katika Kanisa la Anglikana.

Alipelekwa Lincolnshire, mkoa wa wakulima mashariki mwa Uingereza. Hapo msomi wa sheria alijikuta akihubiri kwa vibarua wa mashamba na watu wa pwani. Inakumbukwa kwamba walimpenda kwa sababu hakujikweza. Alikunja mikono ya shati akafanya kazi, na alipohubiri alisema mambo wanayoyafahamu. Alijua pia kazi ya uchapaji na hakuogopa kazi ya mikono. Ujuzi huo wote aliuhitaji baadaye.

Wavulana watano

Rafiki yake, William Tozer, alipofanywa askofu wa misheni ya vyuo vikuu kwa ajili ya Afrika ya Kati, yaani UMCA, Steere alikubali kumsindikiza. Walianzia upande wa Mto Zambezi na Shire, lakini homa na vita viliishinda misheni. Mwaka 1864 wakahamia Zanzibar.

Huko Sultani Seyyid Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuja kuitwa John Swedi. Hebu tazama hali ilivyokuwa. Watoto hawajui Kiingereza. Wazungu hawajui Kiswahili sawasawa. Watoto wenyewe walitoka bara, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kujifunza. Kuwahubiria siku ile kungekuwa kelele tu.

Steere akafanya jambo ambalo wahubiri wengi hulisahau: akanyamaza kwanza, akasikiliza. Alikaa na wenyeji wa mji, wazee na watu wenye elimu, Waislamu, akawauliza maneno na maana zake. Aliandika sarufi. Aliandika pia hadithi kama zilivyosimuliwa na watu wa Unguja, na mwaka 1870 zikatoka katika kitabu, pamoja na kitabu chake cha kufundishia lugha ya Kiswahili. Humo imo hadithi ya punda wa dobi, na ndani yake kisa cha kima na papa ambacho hadi leo bibi na babu wanawasimulia wajukuu.

Unaweza kuuliza, mtu wa dini ana haja gani na kima na papa? Haja anayo. Katika hadithi mtu anajifunza jinsi watu wanavyojenga hoja, wanavyocheka, wanavyoonya bila kutukana, na mahali wanapotaka msimuliaji apumzike. Anayejua hayo, akipanda mimbarini, watu hawapati taabu ya kumfuata.

Maneno yaliyokuwapo tayari

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kutafsiri Biblia. Krapf alikuwa ametangulia kwa Kiswahili cha Mombasa tangu miaka ya 1840. Steere alifanya kazi kwa Kiswahili cha Unguja. Injili ya Mathayo ilitangulia, na hadi alipofariki mwaka 1882 alikuwa ameshaimaliza kazi ya Agano Jipya.

Katika kazi hiyo hakuleta maneno ya kigeni pale ambapo watu walikuwa na neno lao. Sala, dhambi, toba, imani, rehema, malaika, nabii: maneno haya yalikuwa vinywani mwa watu wa pwani tangu zamani, kwa sababu ya Uislamu. Steere aliyachukua akayatumia. Hapo palikuwa na faida na palikuwa na hatari. Faida ni kwamba msikilizaji hakuhitaji mkalimani. Hatari ni kwamba neno moja linaweza kuingia masikio mawili kwa maana mbili. Muislamu na Mkristo wote wanaitaja imani, lakini hawaamini sawa katika yote. Kwa hiyo mhubiri alilazimika kueleza kwa utulivu, na kujibu alipoulizwa.

Na aliulizwa. Mwaka 1873 Sultani Seyyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Misheni ikapata kiwanja hicho. Kabla kanisa halijasimama, Steere alihubiri pale katika kibanda cha udongo, kwa Kiswahili. Watu wa mji walikuja kusikiliza, wakabishana naye, wakarudi makwao. Wengi wao walibaki Waislamu, na mji ukabaki mji wa Waislamu. Hatulifichi hilo. Lakini walikuwa wameelewa kilichosemwa, ndiyo maana waliweza kukijibu. Asiyeelewa habishi, husinzia.

Mahali palipohubiri penyewe

Siku ya Krismasi mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Mwaka uliofuata Steere akawekwa kuwa askofu huko London, akarudi Zanzibar. Aliusimamia ujenzi mwenyewe. Paa halikuwa la mbao bali la mawe ya matumbawe yaliyochanganywa na saruji, na baadhi ya watu mjini walitabiri kwamba litawaangukia waumini. Halikuanguka. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1879, na lipo hadi leo. Inasimuliwa kwamba altare iko pale ulipokuwa mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa.

Msikilizaji, hapa tutue kidogo. Mtu aliyewahi kuuzwa katika uwanja ule, akaingia humo humo akiwa huru, akaketi, akasikia habari ya ukombozi kwa lugha anayoielewa, hakuhitaji kuelezwa sana ukombozi ni nini. Mahali palikuwa pameshaanza mahubiri kabla ya mhubiri kufungua kinywa. Kama Steere angekuwa anahubiri uhuru huku misheni yake inanunua na kuuza watu, Kiswahili chake kizuri kisingemsaidia kitu.

Na kuna upande mwingine wa kuutazama. Steere alikuwa Mwingereza katika zama ambazo Waingereza walikuwa wakiongeza nguvu zao Zanzibar. Soko lilifungwa kwa shinikizo la serikali yake. Walioachwa huru na misheni waliishi chini ya taratibu za misheni, mara nyingi wakipewa majina mapya na kazi za kufanya. Si kila aliyeketi kanisani alikuwa ameamua mwenyewe kuketi. Mahubiri mazuri hayaondoi ukweli huo, na anayesimulia maisha ya Steere aseme yote mawili.

Wasemaji wapya

Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu walioachwa huru kurudi bara. Walifika Masasi wakakaa hapo, na kijiji chao kikawa mwanzo wa misheni ya kusini. Alijua kwamba Kiswahili cha Unguja hakitoshi kila mahali. Ndiyo maana alikuwa ameshakusanya maneno ya Kiyao, Kishambala na Kinyamwezi, ili watakaokwenda huko wasianze bila kitu.

Lakini alijua pia kwamba mgeni, hata ajifunze namna gani, ana mwisho wake. Mwaka 1879 alimweka John Swedi kuwa shemasi. Ndiye yule mmoja wa watoto watano wa jahazini, sasa akisimama mbele ya watu kusoma na kufundisha.

Steere alifariki Zanzibar mwezi Agosti mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya altare. Miaka minane baadaye, mwaka 1890, Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kulelewa na misheni, akawa padri. Alifanya kazi Chitangali, upande wa Newala, kati ya Wayao wenzake. Yeye hakuhitaji kitabu cha maneno ili asikilize wazee wa kijiji.

Tunachobaki nacho

Kiswahili cha Unguja ambacho Steere alikiandika kilikuja kuchaguliwa, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hata habari unazozisikia kutoka kwetu kila asubuhi zinapita katika njia ambayo wazee wale wa Zanzibar walimfundisha yeye, naye akaiandika.

Sisi watangazaji tunaambiwa mapema kazini kwamba msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena alichokosa. Akipotea, amepotea. Mhubiri naye yuko hivyo hivyo. Kwa hiyo Jumapili ijayo, kama wewe ni wa kanisani, mtazame mzee aliyeketi nyuma kabisa. Ibada ikiisha, muulize amesikia nini. Akiweza kukusimulia kwa maneno yake mwenyewe, basi yaliyosemwa yamefika. Asipoweza, usimlaumu mzee. Pengine aliyesema hajaketi naye bado.

Tuonane katika kipindi kijacho, msikilizaji. Wavuvi wa Bwejuu, kusi likiwa kali, msitoke bila kusikiliza hali ya hewa.