Denis Burkitt: daktari wa jicho moja na saratani ya taya ya Kanda ya Ziwa

Wadau wa Mwanza, Musoma na visiwani, jina la Burkitt wengi tunalisikia hospitali tu, pale mtoto anapovimba taya ghafla na meno kuanza kulegea. Mwenye jina alikuwa nani?

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, Februari 28, 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Chuoni Dublin alianza na uinjinia, akaghairi, akahamia udaktari. Vita Kuu ya Pili ikamleta Afrika Mashariki kama daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akaajiriwa Uganda, baadaye akawa daktari wa upasuaji pale Mulago.

Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto aliyevimba taya juu na chini, kushoto na kulia. Hakuelewa. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine wa namna ile ile!

Akaanza kuhesabu. Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali kibao barani. Mwaka 1961 yeye, Ted Williams na Cliff Nelson wakapanda Ford kuukuu, wiki 10, karibu kilomita 16,000 mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza kila hospitali kama ugonjwa huo upo. Ramani ikajichora yenyewe. Karibu na ikweta ugonjwa uko chini ya mita 1,500 hivi, ukipanda zaidi haupo. Ziwa letu liko mita 1,134, kwa hiyo tumo ndani kabisa, sawa na malaria. Vipande vya uvimbe alivyotuma London ndivyo vilivyowawezesha Anthony Epstein na wenzake kukiona kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964. Tena aliwapa watoto dawa za saratani, na baadhi wakapona moja kwa moja.

Tatizo, kwenye darubini saratani hii inaweza kufanana na nyingine ya tezi ambayo matibabu yake ni tofauti. Mwaka 2006 timu mbili za watafiti zilipima jinsi maelfu ya jeni zinavyofanya kazi ndani ya uvimbe, kompyuta ikawapanga wagonjwa kwa kufanana. Si kazi nyepesi jamani. Ukilinganisha jeni maelfu, kadhaa zitaonekana tofauti kwa bahati tu, hivyo hesabu lazima ziwe kali, na kanuni ijaribiwe kwa wagonjwa ambao kompyuta haijawaona. Alama kuu ilikuwa jeni ya MYC pamoja na zile inazoziamrisha. Ikaonekana baadhi ya wagonjwa walioandikiwa saratani ile nyingine walikuwa na Burkitt, na waliopewa dawa za nguvu ndogo walifariki zaidi.

Sampuli hizo zilikuwa za Ulaya na Marekani Kaskazini, wakati ugonjwa wenyewe ulijulikana kupitia watoto wa huku. Mwaka 2017 ukatoka utafiti uliosoma RNA za uvimbe wa watoto wa Kenya.

Burkitt hakuyaona hayo, alifariki Machi 23, 1993. Uingereza wengi wanamkumbuka kwa kuhimiza ulaji wa nyuzinyuzi. Huku kwetu, mtoto wa taya bado anaweza kupelekwa kwanza kung'olewa jino, na uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miezi.