Turing na Dola Aliyoitumikia

Mkaazi wa Ngombezi, wilayani Korogwe, aijua vyema korona: jani la mkonge huingia, na singa hutoka. Mashine hiyo haina kazi nyingine. Mwaka 1936, Alan Turing, kijana aliyezaliwa London mwaka 1912, aliandika makala ya hisabati iliyoonyesha kwamba mashine moja yaweza kufanya kazi ya mashine zote za kuhesabu, mradi ipewe maagizo yaliyoandikwa. Wakati huo haikuwapo mashine ya namna hiyo duniani.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Turing aliingia Bletchley Park kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Alibuni mashine ya kurahisisha kazi hiyo, akaongoza kundi lililoshughulikia siri za manowari zao. Na meli nyingi za chakula na silaha zikaokoka baharini. Kazi ya aina hiyo ilifika hata kwetu pwani: mwaka 1942 shule ya Allidina Visram, kisiwani Mombasa, iligeuzwa kituo cha kufumbua siri za Wajapani.

Mwaka 1950 Turing aliuliza kama mashine yaweza kufikiri, akapendekeza ipimwe kwa mazungumzo ya maandishi, ionekane kama muulizaji ataweza kuitofautisha na binadamu. Swali hilo limewaongoza watafiti wa akili mnemba hadi leo. Nayo mashine yake ya 1936 ndiyo aliyoianzia David Deutsch wa Oxford, mwaka 1985, katika kujenga nadharia ya kompyuta ya kwanta.

Hata hivyo, mwaka 1952 Turing alitiwa hatiani kwa uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza. Ili asifungwe, alikubali kutiwa dawa za homoni. Na mlango wa kazi za siri za serikali ukafungwa. Tarehe 7 Juni 1954 alifariki kwa sumu ya sianidi, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi uliamua kwamba alijiua. Utumishi wake wa vitani ulikuwa ungali siri. Serikali iliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa Malkia ukatolewa mwaka 2013.

Majuto ni mjukuu. Bara na visiwani, wenye dhamana ya kuwatunza wataalamu hawana budi kulizingatia hilo. Korona ikiharibika, kipuri huagizwa. Mtaalamu akishapotea, hakuna pa kumwagiza.