David Livingstone na barua zake: kwa nini kanisa litunze karatasi

Wengi wetu tulisikia jina la David Livingstone tangu shule ya msingi, kama mmisionari na msafiri. Leo tunamwangalia kwa njia ya barua alizoandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakufika hapa Oicha wala Beni, lakini baadhi ya barua hizo ziliandikwa katika nchi yetu, kule Maniema.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika nyumba maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Alijifunza udaktari, akatumwa na London Missionary Society, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Kati ya 1854 na 1856 alivuka bara letu kutoka Luanda mpaka Quelimane. Mwaka 1857 mchapishaji John Murray wa London alitoa kitabu chake cha safari, nacho kikauzwa sana.

Nyumba hiyo ya Murray ilikuwa na desturi ya kutotupa barua za waandishi wake. Vizazi kwa vizazi walitunza barua zenye sahihi za Livingstone, za mshairi Byron, za mwanasayansi Darwin na za wengine wengi. Mwaka 2006 Maktaba ya Taifa ya Scotland ilinunua hazina hiyo kwa zaidi ya pauni milioni 31. Barua iliyogharimu senti chache kuituma ikawa mali ya taifa.

Mwaka 1866 Livingstone alianza safari yake ya mwisho, akitafuta chanzo cha mto Nile. Alipata shida nyingi. Fungu kubwa la barua alizotuma kutoka Ujiji mwaka 1869 halikufika pwani kamwe. Mwaka huohuo aliingia Maniema, akakaa muda mrefu Bambarre, ambayo leo tunaiita Kabambare. Miguu yake ilikuwa na vidonda, dawa zilikosekana, hata karatasi na wino vilimwishia. Ndipo akatengeneza wino kwa mbegu za mti wa huko, akaandika juu ya magazeti ya zamani.

Mwezi wa pili 1871 aliandika barua kutoka hapo kwa rafiki yake Horace Waller. Alimwambia kwa siri kwamba amechoka sana na kwamba ana shaka kama wataonana tena. Kwa miaka mingi barua hiyo haikusomeka vizuri, kwa sababu wino ulififia. Ilikuja kuwa mikononi mwa wakusanyaji binafsi, na mwaka 2010 wataalamu waliisoma kwa kutumia mwanga wa aina mbalimbali. Hapo shujaa wa vitabu alionekana kuwa mtu mgonjwa, mpweke na mwenye hofu, kama wengi wetu.

Tarehe 15 Julai 1871, akiwa Nyangwe kando ya mto Lualaba, aliona watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakipiga risasi sokoni. Mamia walikufa, wengi wao akina mama waliokuja kuuza vyakula. Wengine walizama mtoni. Alirudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, na hapo Stanley akamkuta. Livingstone aliandika habari ya mauaji hayo kwa waziri Granville, na Stanley akaibeba barua. Ilipochapishwa Uingereza ilichoma mioyo ya watu, ikaongeza nguvu ya wale waliodai biashara hiyo ikomeshwe. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Livingstone hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki tarehe 1 Mei katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo.

Karatasi zake ziliokoka kwa sababu ya Waafrika. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walibeba mwili wake pamoja na maandiko yake mpaka Bagamoyo. Baadaye Susi na Chuma walikwenda Uingereza kumsaidia Waller kutengeneza kitabu cha safari ya mwisho, kilichotolewa na Murray mwaka 1874. Lakini kitabu hakikubeba yote. Waller aliacha mambo kadhaa, na Livingstone mwenyewe, alipoandika upya habari za 1871, alikuwa amelainisha maneno makali juu ya tabia ya watu waliomtumikia. Tunayajua hayo kwa kuwa karatasi za kwanza hazikutupwa.

Wapendwa, mtume Paulo alitia salamu kwa mkono wake ili barua zake zitambulike, na akiwa kifungoni aliomba aletewe vitabu vyake. Sisi wa Oicha, Beni na Butembo tumekimbia vita mara nyingi. Katika kukimbia tunabeba watoto na godoro. Kaye za ubatizo na barua za wazee waliotangulia zinabaki nyumbani, na nyingine zinaungua. Shahidi wa Nyangwe alisikiwa kwa sababu barua yake ilifika na kutunzwa. Je, waliouawa kwetu watakumbukwa kwa karatasi gani?

Basi kila kanisa la mahali lichague mtu mwaminifu. Apige picha kila barua ya zamani kwa simu, aandike tarehe, mahali na jina la aliyetia sahihi, kisha nakala ipelekwe mahali pengine penye usalama. Siri za watu ziheshimiwe. Lakini tusifute ukweli ili wazee wetu waonekane watakatifu kuliko walivyokuwa. Mungu aliwatumia wakiwa wadhaifu, naye anatutumia sisi vivyo hivyo.