Tartakower: jamaa aliyeleta njia ya sokwe kwenye chesi

Ukitoka Embu kwenda Meru, matatu nyingi zitakupitisha Runyenjes, Chuka na Nkubu. Lakini kuna njia nyingine, ile ya chini kwenye joto, inayopita Ishiara na Mitunguu. Nayo inafika. Ni vile tu wengi hawaijui, na mwenye kuijua anaweza kukushangaza.

Chesi pia ina njia ya pembeni kama hiyo. Jamaa aliyeipa umaarufu anaitwa Savielly Tartakower, na maisha yake yenyewe hayakupita barabara kuu hata siku moja.

Alizaliwa mwaka 1887 mjini Rostov-on-Don, Urusi, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Austria. Alisomea sheria Geneva na Vienna hadi akawa daktari wa sheria. Mwaka 1911, wazazi wake waliuawa na majambazi huko Rostov. Miaka mitatu baadaye ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, naye akavaa sare ya jeshi la Austria. Vita vilipoisha, dola aliyoipigania haikuwepo tena kwenye ramani. Akaenda kuishi Paris, akitegemea chesi: kucheza, na kuandika kuihusu.

Machi 1924 alikuwa New York kwenye mashindano makali sana. Walikuwa wachezaji 11, wakiwemo Emanuel Lasker aliyeibuka mshindi, na José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia wakati huo. Siku ya mapumziko, wachezaji walienda kutembea kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Huko Tartakower akakutana na orangutani mmoja jike aliyeitwa Susan. Hawa ni sokwe wenye manyoya mekundu kutoka misitu ya Borneo na Sumatra. Tartakower akamuuliza Susan afungue vipi mchezo wa kesho, na baadaye akashikilia kwamba alipewa jibu.

Kesho yake, dhidi ya Géza Maróczy wa Hungaria, akaanza na b4.

Kama huchezi chesi, shida iko hapa. Karibu kila mtu huanza kwa kusukuma askari wa katikati, kwa sababu anayetawala katikati ya ubao hutawala mchezo. Tartakower aliwaacha hao wote, akamchukua askari wa pembeni, wa pili kutoka kushoto, akamrusha hatua mbili. Halafu akamrusha tena hadi b5. Alisema mwendo wa askari huyo ulimkumbusha sokwe akipanda mti. Vijana wanaoishi karibu na msitu wa Mlima Kenya wamewaona mbega wakipanda, kwa hivyo picha hiyo wanaipata haraka.

Kuna mpango lakini. Askari akishatoka b2, askofu anakaa hapo na kuangalia ubao wote kwa mshazari, hadi kona ya mpinzani. Katikati unampigia kutoka mbali, bila kuikalia.

Sasa mtu akikuchezea hivyo kwenye simu, au pale chuoni Nchiru, utafanya nini?

Jibu kali zaidi ni kusukuma askari wako hadi e5. Hapo askofu wako anamtisha yule askari wa b4. Mweupe ataleta askofu wake b2 amtishe askari wako wa e5, na hapo ndipo wengi huteleza. Wanamleta farasi c6 kumlinda askari. Inaonekana sawa, kumbe ni mtego: mweupe anasukuma b5, farasi analazimika kukimbia, na askari wa e5 anabaki yatima.

Badala yake unaweza kubadilishana tu: askofu wako amle askari wa b4, wa kwake amle wa e5. Mweupe atakuwa na askari wengi zaidi katikati, lakini wewe utamtoa farasi f6 ukimzibia askofu njia, kisha umfiche mfalme mapema. Umepata kasi, yeye kapata katikati. Au unaweza kumlinda askari wako kwa kusukuma f6. Hiyo ni ngumu kuvunja, ila unamnyang'anya farasi wako nafasi yake nzuri na kumfungulia mfalme mlango. Ukipenda utulivu, weka askari d5, farasi f6, kisha mtoe askofu f5 kabla hujafunga mlango kwa e6.

Maróczy hakukurupuka. Alianza na farasi, akapanga askari wake pole pole. Tartakower alitoka kwenye ufunguzi akiwa na hali nzuri tu, lakini mwishowe alipigwa. Ndiyo, njia ya sokwe ilishindwa siku ile ile ilipopata jina. Na hakuwa hata wa kwanza kuicheza. Ila kushindwa huko hakukumfanya arudi kwenye njia za kukariri.

Baada ya vita alikuwa amechukua uraia wa Poland, ingawa Kipolandi hakukijua. Hata hivyo alikaa kwenye timu ya nchi hiyo katika Olimpiadi sita za chesi, na mwaka 1930 mjini Hamburg wakabeba dhahabu. Mwaka 1939 timu ilikuwa Buenos Aires, Argentina, mashindano yakiendelea, Ujerumani ilipoivamia Poland. Wachezaji kadhaa waliamua kubaki Argentina. Dawid Przepiórka, mwenzao wa ile dhahabu ya Hamburg, alikuwa Poland. Wanazi walimuua mwaka 1940.

Tartakower alikuwa na miaka 52, Myahudi, na alikuwa salama upande ule wa bahari. Akarudi Ulaya. Alijiunga na jeshi la Ufaransa Huru la Charles de Gaulle, akijulikana kama Luteni Cartier. Hapo hakukuwa na sokwe wa kuulizwa. Alichagua mwenyewe, akijua gharama yake.

Alitoka hai. Akawa raia wa Ufaransa, mwaka 1950 akawa miongoni mwa watu 27 wa kwanza kupewa rasmi cheo cha grandimasta, na mwaka 1953 akatwaa ubingwa wa Ufaransa. Alifariki Paris mwaka 1956.

Ufunguzi wake haukufa naye. Alexey Sokolsky wa Muungano wa Kisovieti aliuchimba kwa miaka mingi na mwaka 1963 akauandikia kitabu kizima. Wakubwa bado hawauchezi sana, maana mweusi akijua anachofanya, hana cha kuogopa. Nguvu yake iko kwa mpinzani aliyekariri hatua 15 za njia kuu na hajui sababu ya hata moja. Huyo ukimpeleka Ishiara atapotea, hata kama Chuka anaijua akiwa amefumba macho.