Tabibu aliyemtia Amiri hasira

Muhammad bin Zakariya Al-Razi alizaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, mwaka 251 wa Hijria (865). Alisimamia hospitali huko kwao, kisha Baghdad, na kitabu chake cha kupambanua ndui na surua kilienea hadi Ulaya.

Lakini kisa chake kinachosimuliwa mno ni cha Amiri Mansur bin Nuh wa Bukhara, aliyeshikwa na viungo hata asiweze kusimama. Dawa zote zilishindwa. Razi akaagiza farasi na nyumbu wawekwe mlangoni, akamwingiza mgonjwa hamamuni wakiwa wawili tu, akamwogesha maji ya moto na kumnywesha dawa. Mara akamgeukia, akamtukana na kumtolea kisu. Amiri kwa ghadhabu akainuka, kwanza kwa magoti, kisha kwa miguu yake. Tabibu huyo, mbio! Baadaye akamwandikia kuwa hasira ile ndiyo iliyokuwa dawa.

Aliyekiandika kisa hiki ni Nizami Arudhi wa Samarkand, karne ya 12. Walakini Mansur huyo alitawazwa mwaka 961, Razi keshakufa zamani. Huenda majina yalichanganyika, kwani Mansur mwingine, mtoto wa Ishaq, liwali wa Rayy, ndiye Razi aliyemtungia kitabu cha tiba ya roho. Kina milango 20, akieleza humo hasira, husuda, huzuni na hofu ya mauti.

Uzeeni alipofuka. Alifariki Rayy mwaka 313 (925).